Studio yenye mfumo huria: plagini ndizo zinazoamua

Mabishano kuhusu mfumo endeshi wa kutengenezea muziki mara nyingi huanzia pasipostahili. Watu wanashindana kama ni Linux (mfumo huria, wenye msimbo ulio wazi kwa wote) au Windows, au ni Ubuntu Studio au Fedora, ambazo ni matoleo ya Linux, ilhali msikilizaji wa wimbo hatasikia tofauti yoyote. Kinachoamua kama prodyuza ataweza kufanya kazi kwenye mfumo huria ni plagini, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu ya kurekodi: sintesaiza anazozitegemea, ikwalaiza ambayo masikio yake yameizoea, maktaba za sampuli (sauti za ala zilizorekodiwa), kifaa cha kunyoosha sauti ya mwimbaji. Mfumo wenyewe, kwa maoni yangu, umeshafaulu. Plagini bado zina maswali, na majibu yake hayafanani kwa kila mtu.

Nasema mfumo umefaulu kwa sababu lawama kubwa iliyokuwa ikitupiwa Linux ilihusu sauti, na lawama hiyo imepungua nguvu. Tabaka la chini linalozungumza na kadi ya sauti, ALSA, lilikuwa sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, tangu toleo la 2.6 lililotoka mwishoni mwa 2003. Shida ilikuwa juu yake. PulseAudio ilihudumia matumizi ya kila siku, JACK ikahudumia watu wa studio, na zote mbili ziliitaka kadi ileile. Aliyetaka kusikiliza wimbo kwenye kivinjari huku programu ya kurekodi ikiwa wazi alilazimika kuziunganisha mwenyewe, na wengi walikata tamaa hapo. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans wa Red Hat, imemaliza ugomvi huo kwa kupokea programu za pande zote mbili. Fedora 34 iliifanya kuwa msingi wa sauti mwaka 2021, Ubuntu ikafuata katika 22.10, na toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2023.

Kuna pia suala la muda. Mpiga kinanda akibonyeza kitufe, sauti hupitia kwenye bafa, hifadhi ya muda mfupi, kabla ya kufika masikioni. Bafa ya sampuli 128 (sampuli hapa ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni takriban milisekunde 2.7. Bafa ya 256 ni milisekunde 5.3. Ukifika 1,024 umevuka milisekunde 21, na hapo mpigaji anaanza kuhisi mkono wake unaachwa nyuma na mdundo. Hesabu hizi ni za njia ya kutoka peke yake. Anayerekodi gitaa kupitia plagini anaongeza na muda wa kuingia. Bafa ndogo inadai kompyuta ijibu kwa wakati kila mara, wala wastani mzuri hautoshi, kwa kuwa kuchelewa mara moja tu kunaacha mkwaruzo kwenye sauti. Marekebisho ya kerneli yanayoitwa PREEMPT_RT, yanayolenga kazi za aina hii hasa, yalikaa nje ya kerneli kuu kwa miaka mingi hadi yalipowezeshwa katika toleo la 6.12, Novemba 2024.

Hata hivyo mtu asidhani kerneli ndiyo dawa ya kila mkwaruzo. Mara nyingi chanzo ni prosesa iliyoachwa katika hali ya kubana umeme, draiva ya mtandao usiotumia waya, au mtumiaji ambaye hajapewa ruhusa ya kuipa sauti kipaumbele. Distro (matoleo ya Linux) kama Ubuntu Studio na AV Linux huja na mipangilio hiyo tayari, na hii ndiyo faida yao halisi kuliko wingi wa programu zilizomo ndani. Lazima pia nikiri upande wa pili: mwenye Mac inayomfanyia kazi vizuri hana tatizo la sauti la kutatuliwa. Core Audio, mfumo wake wa sauti, ni imara, na kwenye Windows teknolojia ya ASIO ya kampuni ya Steinberg imewavusha watengenezaji kwa miongo kadhaa. Anayehama kwa sababu ya kasi ya sauti pekee huenda akafika na kukuta kasi ileile aliyokuwa nayo.

Sasa plagini. Hazina ya plagini huria ni kubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri, na ubora wake si wa kubahatisha. Surge iliuzwa na Vember Audio kabla ya mwenye kuiandika, Claes Johanson, kuufungua msimbo wake mwaka 2018. Watu wa kujitolea wakaichukua, wakaipanua, na leo Surge XT ni sintesaiza ninayoweza kuiweka mezani na zile za kulipia bila kuiombea huruma. Dexed inaiga Yamaha DX7 na kusoma faili za sauti za chombo chenyewe. ZynAddSubFX ina zaidi ya miaka 20 na bado ina sauti za kinanda na mazulia ya sauti (pad) ambazo sijazipata kwingine. Kwa kumiksi kuna mkusanyiko wa LSP wenye kompresa na ikwalaiza zinazoonyesha kila kinachotendeka, kuna x42 wenye vipimo vya kuaminika, na kwa mwangwi kuna Dragonfly. Wapiga gitaa wana Guitarix, na sasa Neural Amp Modeler, ambayo hujifunza tabia ya amplifaya halisi kutokana na rekodi zake na kuirudia kwa ukaribu wa kushangaza.

Jambo moja katika orodha hiyo lina uzito kuliko mengine: sehemu kubwa ya plagini hizo hufanya kazi pia kwenye Windows na Mac. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo linalobadilisha swali zima.

Mapengo nayo ni ya kweli, na anayeyaficha anawadanganya wanaomwamini. Kontakt, programu ya kuchezea maktaba za sampuli, haina toleo la Linux, na nyuma yake zimejipanga maktaba nyingi za ala halisi: nyuzi, tarumbeta, piano zilizorekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Sfizz inasoma vizuri faili za SFZ, umbizo la ala za sampuli, na Decent Sampler, ingawa si huria, ina toleo la Linux. Lakini mtunzi wa muziki wa filamu anayeishi ndani ya maktaba zile hatapata mbadala wa kumtosha. Melodyne na Auto-Tune, za kunyoosha sauti ya mwimbaji, hazipo. Ipo plagini huria ya x42 inayosogeza sauti hadi kwenye noti, na kwa mwimbaji aliyekosea kidogo inasaidia. Kwa kazi ya kuhariri noti moja moja ndani ya sauti, pengo liko wazi. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi hulinda leseni zao kwa mfumo wa iLok, usio na toleo la Linux.

Watu hutaja yabridge kama suluhisho. Ni kazi ya ajabu: inachukua plagini ya Windows, inaiendesha kupitia Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), na kuifanya ionekane ndani ya programu ya kurekodi ya Linux kana kwamba ilizaliwa hapo. Plagini nyingi zinakubali kabisa. Lakini kuitegemea kwa kazi ya mteja ni kujenga juu ya tabaka tatu ambazo kila moja hubadilika kwa ratiba yake. Sasisho la Wine linaweza kuvuruga dirisha la plagini, sasisho la plagini linaweza kuleta ulinzi mpya wa leseni, na kampuni iliyoiuza haitakupa msaada kwa kuwa hukuitumia ilivyokusudiwa. Plagini moja au mbili kwa njia hiyo, sawa. Ukijikuta unahitaji kumi, hujahama. Umeihamishia Windows kwenye chumba cha nyuma.

Wanaotetea mfumo huria huwa na hoja ya uhuru, na wapinzani wao huiona kuwa ya kinadharia. Mimi naiona ya vitendo, tena kwa muziki kuliko kwa kazi nyingine, kwa kuwa wimbo hufunguliwa tena baada ya miaka: kwa ajili ya rimiksi, toleo la moja kwa moja, au mwimbaji anayetaka biti bila sauti yake. Apple ilipoinunua Emagic, watengenezaji wa programu ya kurekodi ya Logic, mwaka 2002, Logic kwa Windows ilisitishwa, na watumiaji wake wakabaki na kazi zilizofungwa kwenye mfumo ambao programu iliuacha. Gibson iliacha kuendeleza Sonar, programu nyingine ya kurekodi, Novemba 2017, na haikujulikana hatima yake hadi BandLab ilipoichukua mwaka uliofuata. macOS Catalina ya 2019 ilikata kabisa programu za zamani za biti 32 (32-bit), na plagini ambazo waandishi wao walishaondoka sokoni zikanyamaza siku hiyohiyo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi nzima, zenye nguvu ya kutosha kumiksi treki 60, hazina.

Lakini msimbo kuwa wazi haumaanishi kwamba kuna mtu anayeufanyia kazi. Miradi mingi huria ya sauti inabebwa na watu wachache mno, na mmoja akichoka, kasi inaporomoka. LMMS, programu huria ya kutengenezea muziki, ilitoa toleo thabiti la 1.2.2 mwaka 2020, kisha miaka ikapita bila 1.3 thabiti. Ardour, programu huria ya kurekodi ambayo Paul Davis ameiongoza tangu mwanzo, imeishi muda mrefu kwa sababu imepata njia ya fedha: msimbo ni wazi kwa yeyote, ila anayetaka programu iliyokwisha kuandaliwa na mradi wenyewe huilipia. Naamini mradi wenye mpango wa kumlisha mwandishi wake unastahili kuaminiwa zaidi ya ule wenye maneno mazuri peke yake, na anayechagua plagini huria ya kutegemea aangalie tarehe ya toleo la mwisho kabla ya kutazama picha zake.

Umbizo za plagini, yaani namna plagini inavyoungana na programu ya kurekodi, zinaonyesha vizuri jinsi pande hizi mbili zinavyosukumana. Steinberg ilipoacha kugawa vifaa vya kutengenezea VST2 mwaka 2018, mwandishi mpya wa plagini huria alifungiwa mlango wa umbizo lililotumika karibu kila mahali. Kampuni za Bitwig na u-he zilijibu mwaka 2022 kwa CLAP, yenye leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kutumia msimbo na ambayo hakuna kampuni inayoweza kuirudisha mfukoni. Mwaka 2025 Steinberg yenyewe ikaiweka VST3 chini ya leseni hiyohiyo. Tukumbuke kwamba Bitwig na u-he huuza programu zilizofungwa. Bitwig Studio ina toleo la Linux tangu ilipotoka mwaka 2014, na Reaper, programu nyingine ya kurekodi ya kulipia, nayo inalo, kwa hiyo anayedhani kuingia Linux ni kuapa kutonunua programu anajinyima bure.

Nirudi kwenye lile la plagini huria kukubali mifumo yote. Kwa sababu hiyo, kufuta Windows mwishoni mwa wiki na kuanza kulia Jumatatu hakuna maana. Chukua wimbo wako uliokamilika, andika plagini zote zilizomo, kisha ujenge upya miksi yake kwa plagini huria hapohapo ulipo. Huo ndio mtihani wenye maana, na haukugharimu kazi ya mtu. Wimbo wa kwanza utakuudhi, kwa kuwa mikono inatafuta vitufe visivyokuwepo. Nyimbo kadhaa baadaye utajua ni plagini zipi ulizihitaji kweli na zipi ulizizoea tu. Kazi za zamani zitolewe treki moja moja kuwa faili za WAV, pamoja na MIDI (kumbukumbu ya noti zilizopigwa) na mwendo wa wimbo. Umbizo la kubadilishana kazi la DAWproject, lililotolewa na Bitwig na PreSonus mwaka 2023, linahamisha mpangilio vizuri, ila plagini asiyonayo mpokeaji itabaki kimya kwake.

Anayepokea sesheni za programu ya kurekodi ya Pro Tools kutoka kwa wateja abaki alipo. Muda wa kutafsiri faili za watu utakula faida yote. Mtunzi wa okestra ya sampuli pia abaki. Anayetengeneza biti, anayerekodi bendi, anayeandaa sauti za mahojiano na simulizi anaweza kuhama, na wengi wao hawatakosa kitu cha maana. Anayeanza leo bila plagini hata moja ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa kuwa hana cha kuacha nyuma: aanze na Ardour au Reaper, Surge XT na LSP, kwenye kompyuta yoyote aliyonayo. Aliyepo katikati ahesabu plagini zilizomkwamisha kwenye mtihani ule. Ikiwa ni moja, ajaribu yabridge au atafute ya Linux ya kununua. Zikiwa tano, zenye maktaba na leseni za iLok, asihame bado, ila wimbo unaofuata auanze kwa plagini zitakazofunguka popote.