Kawa Langu Limekuwa Ngao

Jumapili iliyopita nilipakua wali wa nazi kwenye sinia, nikanyoosha mkono kuchukua kawa nifunike, kawa halipo. Si kwenye msumari wake, si juu ya kabati, si chini ya meza. Nikasikia mtu uani anapumua kwa kishindo. Kutoka nje, namkuta mwanangu wa kiume wa miaka 9: kawa kalishika mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, kanga yangu kaifunga shingoni inampepea mgongoni. Mbele yake kapanga vifuu vya nazi kumi na viwili, na kila kifuu ni askari wa adui.

"Mama, rudi ngomeni," akaniambia bila ya kugeuka. "Huku kuna hatari."

"Ewe jemadari," nikamjibu, "hiyo ngao ndiyo inayofunika chakula cha jeshi lako. Nzi washavuka mpaka."

Akaweka mkono kifuani, akainama, akanikabidhi kawa langu kwa heshima zote. Kayapata wapi hayo, kila mzazi wa Unguja na Pemba mwenye king'amuzi nyumbani anajua. Ni Waturuki wa tamthilia. Ertuğrul na mwanawe Osman wameingia majumbani mwetu wakizungumza Kiswahili, na watoto wa kiume wa mtaa wetu sasa kila mmoja ana farasi wake, ingawa farasi wenyewe ni fagio za chelewa.

Naandika haya kwa sababu kila ninapokaa nasikia kwamba televisheni inaharibu watoto. Nayasikia shughulini, nayasikia kwenye daladala, nayasikia kwa mashoga zangu tukikaa kusukana. Mie nina watoto watatu, wa miaka 17, 9 na 4, na nasema kwa moyo wangu wote kuwa televisheni tunayoitizama pamoja sebuleni imenisaidia kulea. Kinachonitia hofu ni simu. Mtoto anajikunyata nayo pembeni, anacheka peke yake, na ukimuuliza anacheka nini anakwambia "hamna kitu". Kicheko cha sebuleni hakina siri. Akicheka mmoja, wa pili anauliza, wa tatu anaeleza kwa makosa, mama anasahihisha, na baba aliyekuwa kajifanya kalala naye anatoa lake.

Na sisi Wazanzibari tungefaa tuwe wa mwisho kuiogopa. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, zama za Rais wetu Mzee Aboud Jumbe, na ilianza moja kwa moja na rangi. Wenzetu wa Bara walikaa bila ya televisheni yao mpaka mwaka 1994. Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, alikuwa msichana ilipoanza hiyo yetu, na anasimulia kuwa mtaani kwao seti ilikuwa moja tu. Mwenye nyumba akifungua dirisha, mikeka ikitandikwa nje, wazee mbele, vijana nyuma, watoto juu ya mabega. Kwake yeye kutizama televisheni peke yako ni kama kula biriani la harusi peke yako chumbani.

Mavyaa huyo huyo ndiye aliyenifundisha tamthilia ni nini, na alinifundisha gizani.

Disemba 2009 umeme wa Unguja, ule unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka mmoja kabla, 2008, tulikuwa tumeshaonja mwezi mzima, lakini mara hii tulisahau hata swichi ziko wapi ukutani. Wenye majenereta waliyaungurumisha, sisi wengine tukarudi kwenye kandili. Mwanangu wa kwanza alikuwa bado mchanga, na nyumba ilijaa watoto wa mawifi zangu waliokuwa wamezoea katuni kila jioni. Siku mbili za mwanzo walilia. Siku ya tatu, baada ya Isha, bibi yao akakaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akaanza na Abunuwasi. Na nataka nieleze alivyofanya, maana ni ufundi mtupu. Abunuwasi alipokuwa kajificha ndani ya sanduku, askari wa mfalme washafika chumbani, mmoja keshaweka mkono juu ya kifuniko, bibi akapiga mwayo. "Kesho inshallah," akasema, akachukua kandili yake akaenda kulala. Watoto walimshika miguu. Walimuahidi kuteka maji, kuosha vyombo, kufagia uwanja. Yeye akaitikia zote, na asubuhi vyombo vilikuwa vimeoshwa kabla sijaamka. Miezi mitatu nzima sikumpigia kelele mtoto hata mmoja kwa ajili ya vyombo. Umeme uliporudi, mtoto mmoja akauliza kama sasa Abunuwasi atakatwa.

Kwa hiyo leo nikiona Waturuki wanakata sehemu pale pale upanga unapoinuliwa, namkumbuka mavyaa. Na mbinu yake naitumia. Juzi jemadari wangu aliniambia hesabu za skuli "zitaendelea kesho". Nikamwambia vizuri, ila kwenye ratiba ya leo hesabu ni sehemu ya kwanza na chakula ni sehemu ya pili, na ya pili hairushwi mpaka ya kwanza imalizike. Akanitizama, akacheka, akakaa chini akamaliza. Ningemgombeza tungefika saa nne usiku, yeye na machozi, mie na kichwa.

Tom na Jerry sina haja ya kuwasemea. Walitungwa Marekani mwaka 1940, hawazungumzi, na mtoto wa Makunduchi anawaelewa sawasawa na mtoto wa Chicago, kwa sababu Jerry ni sungura wetu na Tom ni fisi wetu.

Peppa alituletea mambo. Ni katuni ya Uingereza, ya tangu 2004, na Peppa mwenyewe ni mtoto wa nguruwe anayependa kuruka kwenye madimbwi ya tope. Kifungamimba wangu, wa miaka 4, alimpenda hadi akawa kila akimaliza sentensi anakoroma kama yeye. Mama yangu akaja kututembelea kutoka Wete. Mtoto akamwamkia vizuri, akambusu mkono, halafu akamalizia na mkoromo wake. Bibi akashtuka. "Huyu mtoto ana kifua." Kabla sijafungua mdomo keshatoa kichupa cha mafuta ya karafuu kwenye mkoba. Siku tatu alimsugua kifua na mgongo asubuhi na jioni, nyumba nzima ikanukia Pemba, na siku tatu mtoto akakoroma zaidi kwa sababu kusuguliwa kulimfurahisha. Siku ya nne wakakaa pamoja mbele ya televisheni, Peppa akatokea, akakoroma. Mama yangu akanigeukia taratibu. Nilidhani nitasomewa. Alicheka mpaka akaomba maji.

Wapo waliniambia nimpige mtoto marufuku katuni ile. Sikukubali. Kwa ninavyoelewa mie, nguruwe hatumli, na hilo mtoto kalijua siku hiyo hiyo, kwa utulivu, akiwa juu ya mapaja ya bibi yake. Tatizo letu kubwa lilikuwa masika, maana njia ya chuoni, anakosoma Kurani, ina madimbwi saba na yeye anayajua yote kwa ukubwa wao.

Kwa binti mkubwa mambo ni mengine. Tamthilia ya Sultan, ile ya Suleiman wa Uturuki, tumeitizama naye kwa vipande na kwa marudio, na sebuleni kwetu ina sheria ya rimoti. Rimoti inakaa kwa baba. Sultan akisogea karibu na Hürrem, kipenzi chake, baba anakohoa. Kikohozi cha kwanza ni onyo. Kikohozi cha pili, jemadari anakumbuka kuwa ana kiu na anakwenda jikoni. Kikohozi cha tatu, tunajikuta tunatizama taarifa ya habari au bei za vitunguu. Kila mara kifungamimba anauliza kwa sauti kubwa, "Baba, unaumwa?" na kila mara bibi yake wa hapa nyumbani anamjibu, "Anaumwa na Waturuki." Basi tunacheka sote, aibu inapita, na rimoti inarudi ilikotoka.

Usiku mmoja binti aliniuliza: "Mama, na masultani wetu wa hapa, nao walikuwa hivi?"

Swali lile sikutaka lipotee. Jumamosi yake tulipanda daladala ya Bububu, mie na yeye tu, tukashuka Mtoni tukaenda kwenye magofu ya kasri pale ufukweni. Nikamsimulia Seyyida Salme, bintiye Sultan Seyyid Said, aliyezaliwa pale mwaka 1844. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, kalamu na wino, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka akaweza. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapishwa Ujerumani. Binti yangu akasimama kwenye yale mawe muda mrefu akitizama bahari. Nilidhani anamfikiria Salme.

"Mama," akasema, "darasani kwetu kuna Hürrem. Na mie ndiye Mahidevran."

Asiyeitizama tamthilia ile hatajua alichosema. Mahidevran ndiye mama wa mtoto mkubwa wa Sultan, aliyesukumwa pembeni alipoingia mgeni, Hürrem, akawa ndiye anayependwa. Kwa maneno hayo mawili mwanangu aliniambia jambo ambalo lilikuwa limemkaa rohoni wiki nyingi: rafiki yake wa miaka yote kampata rafiki mwengine, na yeye anakula peke yake wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimemuuliza mara ngapi ana nini, akanijibu "hamna kitu". Hatukuzungumza mengine mpaka jua likaingia. Niambieni basi ni kitabu gani cha malezi kingenipa ufunguo ule.

Na Kiswahili chao nacho nakipenda. Jemadari alitumwa boflo dukani, nikamsikia kutoka dirishani: "Ewe muuza duka, nipatie boflo nne, na usinicheleweshe." Muuza duka, Mungu amzidishie, akamjibu, "La hasha, siwezi kukuchelewesha, Mtukufu." Siku hizi mtoto wangu anasema "la hasha" na "kwa hakika" na "nakusihi" bila ya kufikiri, na mwalimu wake wa Kiswahili kanisifia insha yake.

Sasa nitasema langu ninalolitaka, na nalisema nikiwa na hamu nalo kweli. Kifungamimba baada ya Peppa amehamia kwa Akili, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, hao hao waliotuletea Ubongo Kids mwaka 2014. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, anaimba, anahesabu, anazungumza Kiswahili cha nyumbani. Mwanangu alipoambiwa wana umri mmoja aliruka kwa furaha. Halafu akatulia, akauliza: "Kwao Akili kuna bahari?"

"Hakuna, mwanangu. Kuna mlima."

"Maskini," akasema, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli. Usiku wakati wa kulala akamuombea dua Akili apate bahari.

Nimekaa na dua ile. Sijaona bado katuni ambayo mtoto wake anakwenda chuoni asubuhi na juzuu yake kifuani, anakula urojo Forodhani, anajua maji kujaa na kupwa, ana bibi Wete anayenukia karafuu na babu mvuvi wa Nungwi. Mafundi wa kuchora tunao, nawaona kwenye kuta za mji. Watu wa sauti tunao, tusikilize tu matangazo ya redio na maigizo yetu. Visa tunavyo, kimoja tumekikanyaga kwa miguu pale Mtoni. Visiwa vilivyokuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973 vinaweza kumpa mtoto wa miaka 4 katuni yenye bahari yake. Kijana yeyote anayesoma hapa na anajua kuchora kwa kompyuta, nakusihi, anza na mtoto mmoja na ngalawa moja. Sauti ya bibi nitakuletea, ya bure, na anajua pa kukata.

Jana nilikwenda Darajani. Muuza makawa, mama mtu mzima, akanionesha moja zuri la rangi nyekundu na kijani, nikalichukua. Halafu nikamwambia anipe na la pili, dogo kidogo, lakini gumu.

"La kufunikia nini, mwanangu?"

"La vita," nikamwambia.

Akanichagulia gumu kweli, akaligonga kwa ngumi mara mbili mbele yangu nione.