Mitambo Ilitazama Juu, Mizinga Ikapita Chini

Kila NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, inapotajwa kwenye mijadala yetu mitandaoni, hakosekani mtu wa kuandika kwamba ukimgusa mmoja umewagusa wote, na hapo mazungumzo yanaishia. Wanaosema hivyo ningewaomba waitazame Uturuki wakati wa vita vya Syria.

Uturuki ni mwanachama tangu 1952, na mpaka wake na Syria una urefu wa kilomita 900 hivi. Juni 22, 2012 jeshi la Syria liliitungua ndege ya kivita ya Uturuki aina ya F-4, marubani wake wawili wakafa. Oktoba 3 mwaka huohuo kombora la mzinga lililofyatuliwa kutoka upande wa Syria likaangukia nyumba ya watu katika mji wa mpakani wa Akçakale na kuua watano, wote wanawake na watoto. Mara zote mbili Ankara, yaani serikali ya Uturuki, iliitisha kikao kwa kifungu cha 4 cha mkataba wa NATO, kile cha kushauriana. Kifungu cha 5, kile cha kumgusa mmoja ni kuwagusa wote, ambacho ndicho kila mtu anakijua, hakikuguswa. Na hata hicho, ukikisoma kwa utulivu, kinamwachia kila mwanachama achukue hatua "atakayoona ni ya lazima".

Desemba 4, 2012 NATO ikakubali kupeleka Uturuki mitambo ya ulinzi wa anga ya Patriot. Mwanzoni mwa 2013 ikawa imesimama: Wamarekani Gaziantep, Wajerumani Kahramanmaraş, Waholanzi Adana, betri mbili, yaani seti mbili za mitambo, kila mahali. Bandarini Iskenderun baadhi ya wenyeji waliipokea kwa maandamano, kwa hiyo msidhani Waturuki wote waliiona kama zawadi.

Sasa, Patriot ni mtambo wa kutungua ndege na makombora yanayoruka mbali kama Scud, ambayo jeshi la Assad, rais wa Syria wakati huo, lilikuwa nayo na lilishaanza kuwarushia waasi. Hauzuii makombora ya mizinga, wala maroketi ya masafa mafupi ambayo mtu huyafyatulia nyuma ya pikapu na kutoweka. Hauwezi pia kuzuia gari lililotegwa bomu. Mei 11, 2013, mitambo yote ikiwa macho, mabomu ya magari yaliua zaidi ya watu 50 mjini Reyhanlı. Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Kilis, mji mdogo uliokuwa umepokea Wasyria wengi kiasi cha kuwafikia wenyeji kwa idadi. Maroketi ya kundi la Dola la Kiislamu yalianguka humo kuanzia Januari hadi Mei 2016 na kuua watu wapatao 20. Wakati huo Wajerumani na Wamarekani walishafungasha mitambo yao na kuondoka, lakini hata wangekuwepo isingesaidia kitu.

Katika kipindi hicho cha 2013 hadi 2015 mitambo ile haikufyatua kombora hata moja. Watetezi wake husema huo ndio ushahidi kwamba ilifanya kazi, kwa kuwa Assad hakuthubutu. Inawezekana. Mimi naona ilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuandikwa kwenye tangazo. Uturuki ilitaka eneo lisiloruhusiwa ndege kuruka ndani ya Syria, na washirika wake hawakutaka kabisa kuingizwa kwenye vita hivyo. NATO ilisisitiza kwamba Patriot ni za kujihami tu na hazitatumika kwa eneo la namna hiyo. Kwa hiyo Ankara ilipewa kitu kikubwa, cha gharama na kinachoonekana kwenye kamera, huku ombi lenyewe likikataliwa kwa adabu. Siwalaumu. Ningekuwa mbunge wa Berlin ningepiga kura hivyohivyo. Ila tusiite hilo ulinzi wa mpaka. Anga ya miji mitatu ililindwa, na watu wa Kilis na Akçakale wakabaki na jeshi lao wenyewe.

Waturuki walikuwa na kumbukumbu nyingine ya zamani kidogo. Februari 2003, vita vya Iraq vikikaribia, waliomba msaada kwa kifungu hichohicho cha 4. Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zikazuia hata kuanza kupanga, kwa hoja kwamba maandalizi yangeonyesha vita haviepukiki. Suluhu ikapatikana kwa kulihamishia suala kwenye kamati ya mipango ya ulinzi, ambako Ufaransa haikuwa na kiti. Mitambo ya Patriot ilifika, lakini baada ya mgeni kuona nyumba nzima ikigombana.

Ukijumlisha hayo, uamuzi wa Uturuki wa kununua S-400, mitambo ya Urusi ya ulinzi wa anga, haukushangazi sana, ingawa bado nauona wa hovyo. Shehena ya kwanza ilitua Julai 2019, na mwezi huohuo Marekani ikaitoa Uturuki kwenye mpango wa ndege za kivita za F-35. Uturuki ilitaka mtambo ambao hakuna bunge la mbali litakaloamua siku ya kuuondoa. Ikapata mtambo usioweza kuunganishwa na rada za washirika wake, kutoka kwa nchi ambayo ndege zake za kivita zilikuwa Syria kumsaidia Assad.

Kisha ikaja Februari 27, 2020. Wanajeshi wa Uturuki wasiopungua 33 waliuawa kwa shambulio la anga huko Idlib, kaskazini magharibi mwa Syria. Kesho yake Ankara ikaitisha tena kikao cha kifungu cha 4, na ikaiomba Marekani Patriot. Washirika wakatoa rambirambi na maneno ya mshikamano. Kifungu cha 5 hakikuwa na nafasi, maana waliokufa walikuwa ndani ya Syria. Betri mpya hazikuja. S-400 zilikuwa tayari nchini, na si mtambo wa kuelekezwa kwa ndege za Warusi waliouuza.