Gari la Viti Viwili Linahukumiwa kwa Kosa Lisilo Lake

Kuna swali ambalo kila mwenye gari dogo la michezo ameulizwa, mara nyingi na mtu anayelizunguka huku akichungulia nyuma ya viti: "Sasa watoto wanakaa wapi?" Hawakai. Gari la namna hii, la viti viwili na paa la turubai linalokunjwa, halina pa kumweka mtoto, mama mkwe wala mzigo wa maana, na anayelinunua kwa kujidanganya kwamba "tutabanana tu" huliuza kabla mwaka haujaisha. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza pale swali linapogeuka hukumu: kwamba gari hilo ni ubinafsi, ni ufujaji, ni utoto wa mtu mzima. Wanaosema hivyo, kwa maoni yangu, wamemkamata asiye na hatia na kumwacha mwenye kesi aende zake.

Tuanze na hivyo viti. Marekani na Ulaya, ambako safari za magari binafsi zimepimwa kwa miaka mingi, wastani wa watu ndani ya gari moja haufiki wawili. Tazama foleni yoyote ya asubuhi: dereva, mkoba kwenye kiti cha pembeni, na nyuma yake viti vitatu au vitano vitupu vinavyotembezwa mjini kila siku. Wenye magari makubwa wana jibu, na si jibu baya. Mtu hanunui gari kwa ajili ya wastani. Ananunua kwa ajili ya siku ile bibi anapelekwa hospitali na nusu ya nyumba inataka kumsindikiza. Tena wana hoja nzito zaidi, ambayo wapenzi wa magari haya hawapendi kuigusa: kwa wengi, la viti viwili ni gari la pili. Bima ya pili, matairi ya pili, nafasi ya pili ya kuegesha. Mtu wa namna hiyo akijisifu kwamba gari lake linabana matumizi, anajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ila si wote wako hivyo. Anayeishi peke yake, au wazazi ambao watoto wao wameshajitegemea, wanaweza kuwa na gari hili moja tu, na siku chache za mwaka wanapohitaji kubwa wakakodi. Kwao hoja ya gari la pili haipo.

Kinachonikera zaidi ni uzito, kwa sababu katika mabishano haya hautajwi kabisa. Mazda MX-5, gari la Kijapani la aina hiihii, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, ilikuwa na kilo 950 hivi. Kizazi cha nne, kilichoingia sokoni mwaka 2015, kina kilo 1,000 na ushei. Katikati hapo yameongezwa mifuko ya hewa, breki za ABS zinazozuia magurudumu kujifunga, vyuma vya kukinga ubavu, skrini na nyaya zake. Kizazi cha tatu kilinenepa kupita kilo 1,100, wahandisi wakarudi mezani na kupunguza zaidi ya kilo 100. Matairi ya ile ya kwanza yalikuwa na upana wa milimita 185. Ya toleo la leo lenye injini ya lita 1.5 ni 195. Milimita kumi katika miaka 26. Sasa pima na gari la kawaida la familia: Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ilikuwa kwenye kilo 800, ya leo inapita 1,200, na magari marefu yenye sura ya jeep ambayo watu wanayakimbilia badala yake hufika 1,800 bila kuona haya.

Kila kilo kati ya hizo inalipiwa, tena mara kadhaa. Inalipiwa kwenye mafuta unapoondoka taa ikiwa kijani, inalipiwa kwenye pedi za breki taa ya mbele ikiwa nyekundu, inalipiwa kwenye mpira wa tairi katika kila kona. Inamwangukia hata asiyekuwa ndani ya gari, maana gari zito linapogonga jepesi, wa kuumia zaidi ni wa jepesi. Ndiyo maana nashangaa: anayezungusha tani mbili za chuma ili kupeleka mtu mmoja kazini huonekana mwenye busara, na anayefanya safari ileile kwa tani moja huambiwa anafuja. Isitoshe, MX-5, gari la michezo la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, ilichukua hadi Aprili 2016 kutimiza milioni moja. Toyota Corolla zimeshapita milioni 50. Kama kuna dhambi hapa, basi ni ya kujaa kijiko tu.

Wepesi huohuo ndio chanzo cha raha, na hapa ndipo gari hili halieleweki. Wengi wanadhani raha yake ni kasi. Magari mengi ya familia ya leo, hasa ya umeme, yataliacha MX-5 mbali kwenye barabara iliyonyooka. Raha yake iko kwenye kona, tena kwa kilomita 60 kwa saa. Unaikaribia kona, unakanyaga breki, pua inainama kidogo. Unarudisha gia ya tatu kwenye ya pili kwa mkono ambao haujasogea hata shubiri, kwa sababu kishikio ni kifupi na giaboksi iko papo hapo chini ya kiwiko. Unageuza usukani, na gari linaingia mara moja, bila kuyumba kwanza, kwa kuwa injini imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukikanyaga mafuta kutoka konani, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nawe unayasikia kwa makalio yanapoanza kulegeza mshiko. Yote hayo yametokea chini ya mwendo unaoruhusiwa. Gari lenye nguvu za farasi 500 halijaamka hata kidogo kwa mwendo huo. Ili likupe msisimko kama huo lazima uvunje sheria, na mara nyingi litaivunja kabla hujagundua.

Upande wa pili una haki ya kukumbusha historia. Waingereza walitengeneza magari ya aina hii kwa mamia ya maelfu, MGB na Triumph Spitfire yakiongoza, na sifa yao kubwa ilikuwa kuvujisha oili na kuzimika mvua ikinyesha. Yote mawili yalikoma mwaka 1980. Wajapani walichukua wazo lilelile wakaliwekea injini inayowaka kila asubuhi. Kwa hiyo anayesema magari haya ni ya mtu mwenye fundi wa kudumu anasema jambo lililokuwa kweli zamani.

Usalama ndiyo hoja inayostahili uangalifu. Gari lisilo na paa la chuma linaonekana kama kifo kinachosubiri siku. Mwaka 2020, IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharamiwa na makampuni ya bima, ililinganisha magari ya paa la kukunja na ndugu zao wa modeli ileile wenye paa la kudumu. Ajali zilikuwa pungufu kwa asilimia 6 kwa kila umbali ulioendeshwa, na vifo vya madereva pungufu kwa asilimia 11, ingawa tofauti hizo hazikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Wapenzi wa magari haya huishia hapo. Wasiishie hapo. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kati ya madereva waliokufa, waliorushwa nje ya gari walikuwa asilimia 21 kwa yale ya wazi na 17 kwa yale ya kawaida. Tena magari yalilinganishwa ndugu kwa ndugu. Utafiti haukuuliza nini hutokea gari dogo linapokutana uso kwa uso na la tani mbili. Jibu la swali hilo linajulikana na halifurahishi. Mkanda hapa ufungwe hata kama ni safari ya kwenda kona ya pili.

Kero nyingine ni ndogo, lakini ndizo zinazomfanya mtu ajute. Paa likiwa wazi kwenye barabara kuu, kelele za upepo zinaweza kupita desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini huanza kuonya. Kupandisha vioo kunasaidia sana. Buti ya MX-5 ya leo ni lita 130 hivi, yaani mabegi mawili laini, magumu hayaingii. Tairi la akiba hakuna, kuna kopo la dawa ya kuzibia. Na turubai hukatwa kwa kisu, kwa hiyo usiache kitu ndani. Wengine hawafungi milango kabisa, wakiona heri mwizi apekue kuliko achane paa.

Anayetaka lililokwisha kutumika asidanganywe na rangi. Kwenye vizazi viwili vya kwanza vya MX-5, maji ya mvua kutoka kwenye paa hushuka kupitia vitundu vilivyo nyuma ya viti. Majani yakiziba vitundu hivyo, maji huingia kwenye vizingiti chini ya milango, na kutu huanza ndani kwa ndani, mahali ambapo gari lisilo na paa linategemea kwa uimara wake wote. Nyanyua zulia. Likiwa na unyevu, piga magoti uguse kizingiti mbele ya gurudumu la nyuma; kikibonyea, ondoka hata kama injini inaimba. Na lile lenye kioo cha nyuma cha plastiki, muuzaji akikunja paa bila kufungua zipu ya kioo kwanza, umeshajua limetunzwaje.

Wasiwasi wangu uko mbele zaidi ya kutu. MG, jina lililokuwa juu ya MGB ya mwaka 1962 ambayo haikufika tani moja, sasa lina gari jingine la viti viwili na paa la kukunja, Cyberster, linaloendeshwa kwa umeme. Ni zuri, lina kasi ya kutisha, na linakaribia tani mbili. Betri zikiendelea kuwa nzito hivi, hoja yangu yote ya uzito itakuwa imehamia kwa wapinzani, na anayetaka gari jepesi la wazi atabaki na yaliyokwisha kutengenezwa.