Nanga Iliyotupwa Juu ya Samaki

Nahodha wetu, mzee wa Tanga aliyeisoma bahari kwa nyota na kwa rangi ya maji, aliudharau mtambo wa kupima kina uliofungwa katika mashua yetu ya utafiti hadi jioni ile tulipokuwa tukivuka Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika mita 800 hivi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mtambo huo, unaotuma mlio chini na kuusubiri mwangwi. Kwa kuwa sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, mwangwi wa sakafu ya pale hurudi baada ya sekunde moja na ushei.

Magharibi ilipokaribia, kioo kilionyesha tabaka nene kwenye mita 400, na tabaka hilo likaanza kupanda: 350, 280, 200.

"Tunapanda mwamba!" akasema nahodha.

"Hapana, mzee, hao ni samaki na uduvi."

"Mwanangu, samaki gani wa kuziba bahari nzima?"

Nikamweleza kwamba mwaka 1942, katika bahari ya California, Wamarekani waliokuwa wakitafiti namna ya kunasa nyambizi kwa sauti waliona tabaka kama hilo. Kwamba samaki wengi wa humo ni wadogo, ila vibofu vyao vya hewa hurudisha mwangwi kwa nguvu. Na kwamba mwaka 1945 mwanabiolojia wa bahari Martin Johnson alionyesha kuwa ni viumbe wanaopanda usiku kutafuta chakula na kushuka alfajiri. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwa huyo Johnson nahodha aliponikatiza:

"Tupa nanga!"

Baharia akatii. Amari, kamba ya nanga, ikakimbia yote, na ncha yake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, ikatupita miguuni ikaingia majini, huku baharia akiiangalia kwa adabu kama anayesindikiza mgeni. Kiooni ukatokea mstari mwembamba ulioshuka, ukalipenya tabaka lile bila kusita, ukaendelea na safari.

"Imepita," nahodha akasema taratibu.

Ofisini tulipewa fomu ya upotevu wa mali. Penye "Sababu" niliandika kwamba sakafu ya bahari iliyoonekana ilikuwa samaki. Mtunza ghala akairudisha, akitaka maelezo ya maandishi kwa nini hatukuifuata nanga mara moja, na nahodha akamjibu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mita 800. Karibu."