Filamu za mtandaoni Uganda: tuweke daraja la umri, tusidai kibali

Sheria ya Vyombo vya Habari na Wanahabari ya mwaka 1995 inalikabidhi Baraza la Vyombo vya Habari la Uganda kazi ya kukagua filamu, kanda za video na michezo ya kuigiza inayooneshwa kwa umma. Wakati ule filamu ilikuwa kitu cha kushikika. Ilivuka mpaka, ikaingia dukani au kwenye kibanda cha video, na mkaguzi alijua mlango wa kubisha. Leo filamu hiyo hiyo inapakiwa YouTube asubuhi, mchana iko kwenye chaneli ya Telegram, na jioni imesharushwa kwenye flashi mtaa mzima. Je, ukaguzi ule uhamie mtandaoni, na kwa namna gani? Mimi nataka filamu ziwe na daraja la umri, yaani lebo inayosema filamu inamfaa mtu wa umri gani. Sitaki mtu aombe kibali kabla ya kupakia kazi yake. Ni mambo mawili tofauti, na hapa kwetu yamechanganywa kwa muda mrefu.

Wanaotaka mkono wa serikali wana hoja, na si haki kuwapuuza. Takribani nusu ya wananchi wa Uganda hawajafikisha miaka 18. Simu ya nyumbani ni ya kila mtu: mama anaiacha kwenye chaji, na mtoto wa miaka minane anaifungua kwa sababu nywila anaijua. Kizuizi cha umri cha YouTube kinaangalia akaunti, na akaunti ni ya mama. Isitoshe, filamu za Kiganda, Kisoga au Kiacholi zimo mikononi mwa kampuni zinazokielewa Kiingereza kuliko lugha hizo. Tukiziachia kampuni hizo peke yake, mzazi wa Iganga hatapata wa kumwambia kilichomo kabla filamu haijaanza.

Lakini wasanii nao wana kila sababu ya kushtuka wakisikia neno "viwango". Mwaka 2017 Baraza lilizuia filamu ya Uholanzi iliyokuwa ioneshwe kwenye tamasha Kampala, kwa hoja kwamba inasifia ushoga, na ubalozi wa nchi hiyo ukajitoa kwenye tamasha. Zuio lile lilimhusu mtu mzima sawasawa na mtoto. Mwaka 2019 ikaja rasimu ya kanuni, chini ya sheria ya enzi za ukoloni ya michezo ya jukwaani, ikitaka wasanii wapeleke mashairi na miswada yao ikaguliwe. Septemba 2020, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano, UCC, ikawataka wanaochapisha maudhui mtandaoni wapate idhini kabla ya tarehe 5 Oktoba. Ukiyapanga hayo matatu, humlaumu mtengeneza filamu anayeamini kwamba mtoto anatajwa tu ili mlango wa kuzuia ufunguke.

Mahakama imeshatoa onyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya msingi vya Sheria ya Kupinga Ponografia ya 2014, kikiwemo kile kinachoeleza ponografia ni nini, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Kwa hiyo kanuni ya filamu inayosema "maadili yetu" bila kufafanua haitadumu. Iseme damu ya namna gani, matusi ya kiasi gani, tendo la ndoa limeoneshwa au limedokezwa tu, dawa za kulevya zimesifiwa au zimeonekana tu.

Kuna pia suala la pesa na muda. Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, alitengeneza mwaka 2010 filamu ya mapigano ambayo baadaye ilizunguka dunia kupitia YouTube, na bajeti yake ilisemekana haikufika dola 200. Mtu wa bajeti hiyo akidaiwa ada ya ukaguzi, kisha asubiri barua, ataacha kutengeneza au atapakia kwa jina la bandia. Hapo mtoto hajalindwa na filamu imepotea.

Jambo ninaloliona limesahauliwa kabisa ni VJ, yule anayetafsiri filamu za nje kwa sauti yake. Watu wengi wa Uganda hawatazami filamu ya nje ilivyotoka kiwandani; wanatazama nakala ambayo VJ ameipitia na kuitafsiri, sauti yake ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Kwenye nakala hizo tangazo la daraja la umri mara nyingi limeshakatwa, na mahali pake panasikika jina la VJ na namba yake ya simu. Hata likibaki, halitoshi. Waliotoa daraja waliisikia filamu ya Kiingereza au ya Kikorea. Hawakumsikia VJ akiongeza utani wa chumbani katika tukio la watu wawili wanaokunywa chai tu. Na kinyume chake hutokea: tukio la kutisha, VJ akilichekesha, mtoto anacheka badala ya kuogopa. Sauti ile inaweza kupandisha daraja au kulishusha. Nakala ya VJ ni filamu nyingine na ipewe daraja lake yenyewe, na anayejua alichosema humo ni VJ mwenyewe.

Ndiyo maana naunga mkono mfumo ambao mpakiaji anajiwekea daraja kwa vigezo vilivyochapishwa, na Baraza linapitia baadaye kwa sampuli na kwa malalamiko ya wazazi. Afrika Kusini, ambako marekebisho ya sheria ya filamu yalianza kazi Machi 2022, wasambazaji wa mtandaoni wanaweza kuruhusiwa kujiwekea madaraja wenyewe. Cha kuiga zaidi kwao ni herufi zinazosindikiza umri: V kwa ukatili, L kwa lugha chafu, S kwa ngono. Kenya ina GE (watazamaji wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, na kutoka PG hadi 16 ni mbali mno. Mtoto wa miaka 9 na wa 14 wanaangukia kapu moja. Sababu ikitajwa, mzazi anaamua kwa mtoto wake.

Udhaifu wa kujiwekea daraja naujua. Wapo watakaoandika 18 kama chambo. Wapo watakaoandika "familia" ili watazamwe zaidi. Kwa hao adhabu iwepo, ianze kwa onyo na kurekebisha lebo, na mtu awe na pa kukata rufaa nje ya Baraza. Nguvu ya kuzuia filamu kabisa ibaki kwa mahakama.

Na lebo isiishie kwenye maandishi. Nje ya kibanda cha video Busia utaukuta ubao wa chaki: majina ya filamu, saa, mechi ya jioni, kiingilio. Umri haumo. Ndani, watoto wamekaa benchi la mbele. Kuongeza umri kwenye ubao ule hakugharimu chochote, na VJ anaweza kuutamka mwanzoni, kabla ya namba yake ya simu, kwa lugha anayotafsiria. Nakala ikirushwa mara mia kwenye flashi, sauti ile inakwenda nayo, na mzazi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale anayesikia Kiswahili tu anaelewa nakala iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Baraza na UCC wakubaliane kwanza nani kati yao anapokea malalamiko, kwa sababu sasa vibanda na laibrari za video viko chini ya leseni za UCC na ukaguzi uko kwa Baraza, na mzazi mwenye hasira hajui aende ofisi gani.