Kulipa kwa kilo: malipo ya wabanguaji wa korosho Mtwara

Wabanguaji wengi wa korosho Mtwara, na wengi wao ni kina mama, hulipwa kwa kilo. Wenye viwanda wanautetea utaratibu huu, wabanguaji wanaulalamikia, na ugomvi huishia kwenye bei ya kilo. Kwangu mimi, swali zito zaidi ni hiyo kilo inahesabiwaje.

Mwenye kiwanda ana hoja. Korosho ghafi anainunua mnadani, katika mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa kwa mnada) ulioanza Mtwara mwaka 2007, na mara nyingi kwa fedha za mkopo. Hapo anashindana na wanaosafirisha mzigo kwenda India na Vietnam. Minada huanza Oktoba na kumalizika miezi michache baadaye. Akikosa mzigo wa kutosha, kiwanda kinalala. Kulipa mishahara ya mwezi wakati hakuna cha kubangua kunaweza kumfilisi.

Sasa njoo kwenye meza ya kubangulia. Mama anaweka korosho katikati ya visu vya mashine ya kubangulia, anakandamiza, ganda linapasuka, anachokoa kiini kwa ncha ya chuma. Ganda lina mafuta yanayounguza. Asiye na glavu hujipaka majivu au mafuta ya kula vidole visibabuke. Akiharakisha, anavunja. Na faida ya kiwanda iko hapo hapo, maana korosho nzima nyeupe huuzwa ghali kuliko vipande. Ukimlipa kwa uzito tu, umemhimiza aharakishe. Ukikataa kulipia vipande, umembebesha hasara ambayo pengine si yake: korosho iliyochemshwa au kukaushwa vibaya hupasuka hata mikononi mwa mzoefu.

Ndiyo maana nasema malipo yasiachiwe mhasibu peke yake. Huo ni uamuzi wa kibiashara, sawa na kununua mashine. Mbanguaji mzoefu akirudi shambani kwake kwa sababu wiki nzima hakupata cha maana, anayeshika nafasi yake atavunja korosho nyingi mpaka mkono uzoee. Gharama hiyo haionekani kwenye orodha ya mishahara, lakini kiwanda kinailipa.

Ningechagua mchanganyiko: ujira wa siku usioshuka chini ya kima cha chini, na juu yake nyongeza inayopanda kadiri korosho nzima zinavyoongezeka. Mwajiri atasema gharama zitapanda, na ni kweli. Lakini nyingine ni za kisheria tayari. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo haimtupi anayelipwa kwa kipimo kisicho cha muda, kama kilo: ujira wake wa wiki hukokotolewa kwa kuangalia alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Bila daftari linaloonyesha kilo za kila siku, haki hiyo anaidaije?

Mchanganyiko huu hauponyi miezi ya kiwanda kulala. Kwa miezi hiyo, nadhani ufaao ni mkataba wa msimu ulioandikwa, unaosema kazi inaanza lini, inaisha lini, na nani ataitwa kwanza msimu ujao. Kwa mama anayepanga ada ya mtoto, kujua kwamba ataitwa kuna uzito unaokaribia ule wa bei ya kilo, na kuliandika hilo hakumgharimu mwajiri shilingi nyingi.