Aliyetukopesha bila riba ndiye tunayemlipa mwisho

Mwishoni mwa Machi tulimzika ami yetu wa duka hapa Amu, mji wa Lamu. Sitamtaja jina, na watu wa mtaa wetu hawahitaji nilitaje. Baada ya swala, kabla jeneza halijainuliwa, mwanawe mkubwa alisimama akasema yale yanayosemwa siku zote: mwenye kumdai marehemu aje kwa familia, atalipwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Kisha kijana akaongeza maneno ambayo sijapata kuyasikia kwenye maziko mengine.

"Na wale ambao baba alikuwa akiwadai, daftari liko dukani. Asiyeweza, baba alimsamehe kabla hajafa. Anayeweza, mama anaingia eda na wadogo zangu bado wanasoma."

Nikainamisha kichwa. Kwenye daftari lile nilikuwa na ukurasa wangu mzima, shilingi 11,640. Nilipoinua macho niliona safu ya mbele karibu yote ikitazama zulia. Karani, mwalimu, askari, mtu wa ofisi ya ardhi, mtu wa benki. Watu wa mishahara, sote.

Jioni yake, barazani, mmoja wetu ambaye mshahara wake umeuzidi wangu kwa mbali alisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Alhamdulillahi, mzee ametusamehe." Wawili watatu wakaitikia. Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi. Kijana alisema asiyeweza. Sisi ni nani katika wasioweza?

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nami nilijijibu hivyo hivyo usiku ule. Mshahara haubaki. Basi tuuweke wazi, na nianze na wangu. Mshahara wangu ni shilingi 54,000. NSSF 3,240. Bima ya afya asilimia 2.75, ambayo ni 1,485. Makato ya nyumba nafuu za serikali asilimia 1.5, 810. Kodi 6,923. Kufikia hapo nimebaki na 41,542 na bado sijamlipa mtu. Benki inachukua 14,000 za mkopo niliouchukua kubadilisha boriti zilizooza za nyumba ya mama, na hilo silijutii, nyumba ilikuwa ituangukie. Sacco inachukua 9,500, nazo ni za harusi ya dada yangu, na hilo nalijutia kidogo. Zinazoingia kwenye akaunti ni 18,042. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mimi niko ukingoni kabisa mwa theluthi.

Hizo 18,042 nilikuwa nazihamishia kwenye simu asubuhi ile ile zinapoingia. Simu nayo ilikuwa inanidai, kwa hiyo kabla sijazigusa inakata 4,600 zake, na ada zake za kila siku juu. Nikibaki na elfu 13 na ushei, natoa nauli ya boti ya kwenda na kurudi Mokowe, upande wa bara, mwezi mzima, 4,400, tokeni za stima, maji, ada ya madrasa. Ikifika tarehe kumi nimekwisha, nakopa kwenye simu tena, na chakula nakwenda kwa ami. "Ami, niandikie." Naye anaandika.

Sasa tazameni mpangilio huo. Serikali ilijichukulia yake kabla mimi sijaiona. Benki ilijichukulia. Sacco ilijichukulia. Simu ilijichukulia. Wote hawa wana njia ya kuingiza mkono kwenye mfuko wangu bila kunibishia hodi, na wengi wao wanachukua na riba au ada. Aliyebaki ni mzee mmoja mwenye kalamu na daftari la mistari, ambaye hakuniongezea hata shilingi, hakuniuliza karatasi ya mshahara, hakunitaka mdhamini. Huyo ndiye nilikuwa namwambia "mwezi ujao inshallah". Huyo, na muuza samaki, na fundi aliyenitengenezea kitanda cha watoto, na binamu yangu aliyenipa elfu nane mama alipolazwa. Kila aliyenikopesha kwa sababu ananijua, nilimweka mwisho kwa sababu ananijua. Imani yake kwangu ndiyo niliyoigeuza kuwa sababu ya kutomlipa.

Hili ndilo linaloniuma, na sitalizunguka. Washauri wote wa fedha ninaowasoma wanasema orodhesha madeni, anza na lenye riba kubwa, au anza na lililo dogo upate moyo. Wanasema gawa mshahara, nusu mahitaji, asilimia 30 matamanio, asilimia 20 akiba na madeni. Kwa mtu aliyebakishiwa theluthi, mgawo huo haushikiki. Lakini kosa lao kubwa kwangu si hesabu. Ukiwafuata wanaoanza na riba, deni lisilo na riba linakwenda chini kabisa ya orodha, kana kwamba halimgharimu mtu. Linamgharimu. Linamgharimu aliyekopesha.

Fikirieni duka la Amu linavyojaa. Sukari na unga vinatoka Mombasa kwa lori, vinafika Mokowe, vinashushwa, vinapakiwa kwenye boti, vinashushwa tena gatini, kisha vinabebwa kwa mkokoteni au punda mpaka ndani ya vichochoro. Kila mkono uliogusa gunia umelipwa papo hapo. Muuzaji wa jumla anataka pesa zake ndipo atoe mzigo mwingine. Faida ya pakiti moja ya unga ni shilingi chache. Kwa hiyo mtu mmoja akichukua vitu vya elfu 11 asilipe, ami anahitaji kuuza pakiti nyingi mno ili azibe pengo la mtu huyo mmoja. Nasi tulikuwa wangapi kwenye daftari?

Na daftari la duka, kwa wazee wetu, halikuwa la sisi. Hapa kwetu mtu wa bahari ana msimu. Kaskazi ikivuma anatoka, anavua, anauza. Kusi ikishika, Juni, Julai, Agosti, bahari inachafuka na mwenye mashua ndogo anakaa nchi kavu wiki nzima akitazama maji. Miezi hiyo watoto wake hula kwa daftari. Bahari ikitulia, analipa. Babu yangu aliishi hivyo maisha yake yote na alikufa hadaiwi. Daftari lilikuwa daraja la kumvusha asiye na tarehe ya malipo mpaka msimu wake ufike. Sisi tuna tarehe. Kusi na kaskazi, mshahara unaingia. Tumekuja na mishahara yetu tukapanda kwenye daraja la wavuvi, tukajaa, tukalielemea.

Mwezi wa saba nilikuwa dukani nimepeleka malipo yangu. Akaingia mzee wa bahari, mtu mzima, kofia mkononi. Akaomba kilo mbili za unga na nusu ya sukari, aandikiwe. Kijana alimwangalia, akaangalia rafu. Rafu zenyewe zilikuwa nusu tupu. Akamwambia kwa adabu: "Baba, nisamehe, tumefunga daftari. Mzigo wa mwisho nimeulipa kwa pesa za kuazima." Mzee akasema haidhuru, akavaa kofia, akatoka. Nilimkimbilia nikampa unga nilionunua, akanikatalia mara mbili kabla hajapokea, na nikaona haya kuliko siku ya maziko. Unga ule haukuwa sadaka yangu. Hata kwenye ukurasa wangu bado nilikuwa nadaiwa.

Wenzangu wengi wanaokimbilia neno la msamaha wanalikimbilia kwa dini, basi tuzungumze dini. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mwenye kudai ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na kwamba kusamehe ni bora. Dhiki ndiyo sharti. Na katika hadithi iliyo sahihi, mwenye uwezo kuchelewesha deni kumeitwa dhuluma. Tunasimuliana kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kuletewa maiti mwenye deni, asimswalie mpaka sahaba Abu Qatada aliposimama akalibeba lile deni. Dinari chache tu. Tunakisimulia kisa hiki tukiwa na madeni ya watu mifukoni, kisha tunatoka msikitini tunalikwepa duka kwa kichochoro cha nyuma ili tusionekane. Nimekipita kichochoro hicho. Najua kila jiwe lake.

Nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Deni la simu haliwezi kuachwa likae, linaongezeka unapolala. Anayeniambia nilimalize kwanza yuko sawa kwenye hesabu. Lakini nimejifunza kwamba deni lile halikuwa deni moja. Lilikuwa duara. Nililipa 4,600 kila mwezi, na kila mwezi, ikifika tarehe kumi, nilikopa tena kama hizo. Kulilipa si kazi, linajilipa lenyewe. Kazi ni kutokopa tena, na maana yake ni kupitia mwezi mmoja mchungu ambao unaishi na pungufu. Sikuweza kuumeza kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza nilikopa tena 2,500, wa pili 1,000, wa tatu sikukopa. Hiyo miezi mitatu tulikula maharage na mchicha mpaka watoto wakaniuliza kama samaki wamekwisha baharini. Mahamri anayopika mke wangu alfajiri ndiyo yaliyotubeba, na huyo mke ndiye niliyemficha karatasi ya mshahara miaka minne. Nilimwonyesha usiku wa tatu baada ya maziko, khitma ilipokwisha. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini nilimwacha apange matumizi ya nyumba kwa pesa ambazo hazikuwapo. Sikuwa na jibu.

Nilichobadilisha ni kidogo. Mshahara siuhamishi tena kwenye simu siku ile. Natoa noti benki, nashika njia ya Usita wa Mui kwa miguu, na kabla sijafika nyumbani nimepita kwa watu wanaonidai. Dukani 2,000. Muuza samaki 500. Binamu yangu nimempa ahadi ya elfu moja kila mwezi na nimempa kwa maandishi, ameshangaa, lakini amepokea. Kisha ndiyo nauli ya boti, kisha stima, kisha chakula. Ndiyo, chakula baada ya deni la duka. Kwa sababu deni la duka ndilo chakula, nilikwisha kukila.

Nimenunua na daftari langu pia. Wako wenye maduka wanaoandika zaidi ya ulichochukua, sitakataa, na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ile ya 282, ni ya kuandika deni. Basi tuandike pande zote mbili. Kwenye Sacco, kumbukeni kwamba ukishindwa, wanaokatwa ni waliokuwekea sahihi. Na harusi tuzipunguze. Hilo lina makala yake.

Wapo watakaosema najionyesha kwa kusimulia ninavyolipa. Nimelifikiria sana, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Lakini nimeona kwamba deni tunaloliona aibu kulitaja ndilo tunaloweza kulibeba mpaka kaburini, na lingine hata halitufikii sisi kaburini, linamfikia aliyetukopesha kwanza. Ami alikwenda akiwa anatudai. Hilo sitaweza kulirekebisha. Mwezi wa Februari, tuliposalimiana mara ya mwisho, aliniuliza hali ya mama, hali ya watoto, hali ya kazi. Kila swali isipokuwa lile. Nilimshukuru moyoni kwa kutoniuliza. Sasa natamani angeniuliza.

Mjane ametoka eda mwezi uliopita. Siku hizi hukaa dukani saa za alasiri, kitini pa mumewe, na mwanawe anapanga rafu. Nilipopeleka malipo ya mwisho wa Agosti alilifungua daftari mwenyewe, akautafuta ukurasa wangu kwa kidole, akaandika polepole chini ya mwandiko wa marehemu: zimelipwa 10,000, zimebaki 1,640. Akanigeuzia daftari nisome. Kurasa zilizo kabla ya wangu na baada ya wangu, za wale wa safu ya mbele, zilikuwa na mwandiko mmoja tu.